Robert Smalls: mutumwa mwenye aliiba meli ya vita, akaketi mu bunge

Leo tunawaletea maisha ya mutu mumoja wa Marekani. Jina lake Robert Smalls. Alizaliwa mutumwa, akakufwa mu kitanda cha nyumba yake mwenyewe, na ile nyumba ilikuwa zamani ya bwana mwenye kumumiliki. Katikati ya kuzaliwa na kufa kwake kuko meli, vita, buloko, na uchaguzi mingi.

Watu wengi wakimutaja wanasimulia paka habari ya meli. Ni habari tamu, na sisi pia tutaisimulia. Lakini tunaona kama kazi yake kubwa haikufanyika usiku mumoja ku bahari. Ilifanyika kwa miaka karibu makumi tatu, mbele ya masanduku ya kura na mu viti vya bunge. Kule alishinda, akashindwa, akashinda tena, na mwisho akaona kura yenyewe inaondolewa mu mikono ya watu wake. Njo habari yenye tunataka muisikie mupaka mwisho.

Mutoto wa nyuma ya nyumba

Smalls alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 mu muji mudogo wa Beaufort, pembeni ya bahari, mu jimbo la South Carolina. Mama yake, Lydia, alikuwa mutumwa wa nyumba ya muzungu mumoja jina lake Henry McKee. Mama na mutoto walilala mu kibanda nyuma ya nyumba kubwa. Mutoto hakupigwa sana, hakukosa chakula, na bwana alimupenda.

Na ile njo yenye ilimuogopesha mama. Lydia alijua mashamba, alijua fimbo. Aliona kama mutoto wake atakomea akidhani utumwa ni kitu chepesi. Basi alimushika mukono akamupeleka kuona mahali watumwa walipigwa na mahali waliuzwa sawa nyama za soko. Kuanzia pale mutoto aliacha kujiona tofauti na wengine.

Akiwa na miaka 12 walimutuma ku Charleston, muji mukubwa wa bandari. Kule kulikuwa desturi hii: bwana anakodisha mutumwa wake kwa patroni mwingine, mutumwa anatumika, na mushahara unaenda kwa bwana. Smalls alitumika mu hoteli, akawasha mataa ya njia, akabeba mizigo ku bandari, akashona matanga, mwisho akashika usukani wa meli. Alijua kila mwamba na kila mukondo wa maji ya ile bandari. Lakini jina la rubani walikataa kumupa, juu lilikuwa jina la wazungu. Kazi ilikuwa moja, jina paka lilikuwa tofauti.

Tufanye hesabu pamoja. Mushahara wake ulikuwa dola 16 kwa mwezi. Dola 15 zilienda kwa McKee. Yeye alibakia na dola moja. Kwa kujazilia alifanya biashara ndogo ndogo, ananunua vitu kidogo na kuviuza tena.

Mwaka 1856, akiwa na miaka 17, alioa Hannah, mwanamuke mwenye alitumika mu hoteli. Hannah pia alikuwa mutumwa, lakini wa bwana mwingine. Sheria ilisema mutoto anafuata mama: wakati binti yao alizaliwa mwaka 1858, alikuwa mali ya bwana wa Hannah. Kesho bwana akitaka kumuuza mbali, baba hana neno. Smalls alimuendea yule bwana na kumuuliza bei ya muke na mutoto. Bwana akataja dola 800. Mutu mwenye kupata dola moja kwa mwezi atahitaji miaka zaidi ya 66 kulipa ile deni, kama hakuli na hakuvaa. Njo pale Smalls alianza kufikiri njia ingine.

Usiku wa tarehe 13 Mei 1862

Mu Aprili 1861 vita ilianza ku Charleston mwenyewe, wakati majimbo ya kusini yenye kushika utumwa yalipiga mizinga ngome ya Fort Sumter. Meli za serikali ya kaskazini zilikuja kufunga mulango wa bandari. Smalls alikuwa ku usukani wa Planter, meli ya kubeba mizinga na waaskari wa kusini. Kutoka kwenye usukani aliziona zile meli za kaskazini mbali ku bahari, kila siku. Kule kulikuwa uhuru, mwendo wa masaa machache. Lakini katikati kulikuwa ngome zenye mizinga.

Wakubwa watatu wazungu wa Planter walikuwa na desturi ya kwenda kulala mu muji, hata kama amri iliwakataza. Wenye kubakia mu meli walikuwa watumwa paka. Smalls na wenzake walipatana kimya. Tarehe 12 Mei meli ilipakia mizinga minne ya kupeleka ku ngome moja. Ile magaribi wakubwa walishuka kama kawaida.

Karibu saa tisa ya usiku waliwasha moto wa mashini. Smalls alivaa kofia ya majani ya kapiteni, akasimama sawa kapiteni alizoea kusimama, mikono imekunjwa. Walipita kwanza ku gati ingine kuchukua Hannah, watoto, na jamaa za wengine. Wote pamoja walikuwa watu 16. Walikuwa wamepatana kama wakikamatwa, hawatajitoa wazima: watazamisha meli na wao wenyewe ndani.

Ngome kwa ngome walipita. Kila mahali Smalls alipiga filimbi ya mashini kufuatana na alama yenye alijua. Mbele ya Fort Sumter, ngome kubwa kupita zote, jua lilikuwa karibu kutoka. Wenzake waliomba wazunguke mbali. Yeye alikataa, juu meli ya kazi haizunguki. Alipiga alama, akangojea. Walinzi wakamujibu apite. Wakati walifahamu kama meli inaelekea kwa adui, ilikuwa imekwisha kutoka mu nguvu ya mizinga yao.

Hatari ya mwisho ilitoka kwa wale wa kaskazini: karibu wapige Planter, wakidhani inakuja kupigana. Lakini Hannah alikuwa ameleta shuka nyeupe. Waliipandisha pahali pa bendera, na mizinga ikanyamaza. Smalls aliwakabizi meli, mizinga, kitabu cha alama za siri, na maarifa yake yote ya ile bandari. Alikuwa na miaka 23.

Vita, na kalamu

Bunge la Washington lilikata kama watu wa Planter wapewe sehemu ya bei ya meli, na Smalls alipata dola 1500. Mu Agosti 1862 alienda Washington pamoja na pasta mumoja, akamuona Prezida Lincoln na minisitri wa vita, Stanton, kuomba watu weusi waandikwe uaskari. Nyuma ya ile safari ruhusa ilitoka ya kuandika watu weusi 5000 mu sehemu za Beaufort.

Yeye mwenyewe alirudia ku vita. Mu Aprili 1863 aliongoza meli ya chuma Keokuk ku mashambulio ya Charleston. Ilipigwa zaidi ya mara 90, ikazama kesho yake. Mu Desemba ya ule mwaka Planter iliingia mu risasi kali, kapiteni muzungu akakimbia kujificha mu chumba cha makaa. Smalls alishika meli akaitoa. Wakamupa cheo cha kapiteni wa Planter, kofia ile ile yenye aliiazima usiku wa kukimbia.

Mwaka 1864 walituma meli ku Philadelphia kuitengeneza. Huko Smalls, mwenye alijua kusoma maji lakini hakujua kusoma kitabu, alitafuta walimu. Mu South Carolina sheria ya mwaka 1834 ilikataza kufundisha mutumwa kusoma. Sasa, mutu muzima mwenye jina kubwa, alikaa chini kujifunza A na B. Siku moja mu ule muji wa kaskazini walimutoa mu tramu juu ya rangi ya ngozi yake. Shujaa wa vita akatembea kwa miguu. Habari ilienea mu magazeti, watu wakalalamika, na mwaka 1867 sheria ya lile jimbo ilifungua tramu kwa watu wote.

Kabla ya vita kwisha alinunua lupango mu Beaufort. Ilikuwa nyumba ya McKee, yenye serikali iliuza juu wenyewe walikimbia na hawakulipa kodi. Muzungu mumoja alimushitaki kuikamata. Kesi ilipanda mupaka tribunali kubwa ya Marekani, na mwaka 1878 Smalls alishinda. Watu wa jamaa yake wanasimulia kama siku moja muke wa McKee, mujane, muzee, akili imepotea, alirudi akidhani nyumba ingali yake. Smalls alimuingiza na kumupa chumba chake cha zamani.

Kura ya kwanza

Vita iliisha mwaka 1865, utumwa ukafutwa. Lakini kufutwa kwa utumwa hakukuleta kura mara moja. Wakubwa wa zamani wa kusini walifanya sheria za kufunga watu weusi ku mashamba kwa kontra ngumu. Bunge la Washington lilikataa, na mwaka 1867 likaagiza wanaume weusi waandikwe na wachague wajumbe wa kutunga katiba mpya mu kila jimbo.

Watu wa Beaufort walimuchagua Smalls. Mu Januari 1868 wajumbe walikutana ku Charleston, na zaidi ya nusu walikuwa watu weusi. Wengi walikuwa watumwa miaka mitatu mbele. Neno la kwanza lenye Smalls alishikilia ni masomo: masomo ya bure, yenye kufunguliwa kwa watoto wote, weusi na weupe, na wazazi walazimishwe kutuma watoto. Katiba ikaandika vile. Mu lile jimbo hakukuwa bado sheria ya namna ile, na watoto wa wazungu maskini walipata faida pia.

Ule mwaka wa 1868 alichaguliwa depite mu bunge la jimbo. Mwaka 1870 kiti cha senateri wa Beaufort kilibakia wazi, akakishinda. Mwaka 1872 watu wakamurudisha. Ku Beaufort watu weusi walikuwa wengi sana kupita wazungu, na walimujua. Alisema lugha yao ya visiwa, ile Gullah yenye wazungu walicheka. Akishuka mu bunge, mwenye deni alimufuata, mwenye kesi alimufuata, mujane alimufuata. Depite mwenye kungojea uchaguzi ndipo arudie ku muji wake hawezi kupata upendo wa namna ile.

Mu siku zile kulianza ku mito ya Beaufort kazi ingine yenye wasomaji wetu watasikia vizuri: kuchimba mawe ya fosfati chini ya maji, ya kufanya mbolea. Watu weusi wenye kutoka utumwani njo walichimba. Sheria ya bunge la jimbo ya mwaka 1870 iliweka ushuru wa dola moja kwa kila tani yenye kutoka mu mito ya watu wote. Mbele, nguvu ya watu na mali ya chini vilikuwa vya bwana. Sasa kampani ililipa mushahara, na jimbo lilipata sehemu yake.

Mugomo wa mashamba ya mupunga

Mwaka 1874 watu walimutuma mbali zaidi, mu bunge la taifa ku Washington. Kule alipigania bandari ya Port Royal, karibu na Beaufort, ipate franga za serikali. Aliomba pia uaskari uache kutenganisha watu kwa rangi. Lile ombi halikupita.

Agosti 1876 mugomo ulipasuka ku mashamba ya mupunga kando ya muto Combahee. Wafanya kazi walilalamika kama hawalipwi franga. Walipewa vikaratasi, na kile kikaratasi kilinunua vitu mu duka la patroni paka, kwa bei ya patroni. Mutu anatumika mwezi muzima, mwisho wake anamurudishia patroni kila kitu ku duka. Kuko wazee wenye kusoma hapa wenye hawahitaji tuwaeleze zaidi.

Wagomaji walitembea shamba kwa shamba kusimamisha kazi, na wengine walipiga wale wenye kukataa. Wazungu wenye bunduki wakakusanyika. Damu ilikuwa karibu. Guverneri alimutuma Smalls. Alifika, akakuta wagomaji mamia na fimbo, na wazungu na bunduki. Hakuwaambia watu wake kama malalamiko yao ni ya bure. Aliwaambia watawanyike, na wale wenye kushitakiwa wamufuate mbele ya hakimu. Walimufuata mupaka Beaufort, pashipo minyororo, na hakimu akawaachilia. Smalls akamuandikia guverneri kama shida yenyewe ni vile vikaratasi.

Tunafikiri ile siku inaonyesha mutu kupita usiku wa Planter. Kuiba meli kunaomba moyo. Kusimama katikati ya watu wenye njaa na watu wenye bunduki, na pande zote zikusikilize, kunaomba kwanza miaka ya kuaminiwa.

Mashati mekundu

Wazungu wengi wa jimbo hawakukubali hata siku moja kuona watumwa wao wa jana mu bunge. Mwaka 1876 walijipanga. Walivaa mashati mekundu, wakapanda farasi na bunduki, wakaingia mu mikutano ya wengine kutisha watu. Mu Julai, ku muji mudogo wa Hamburg, waliua watu weusi wenye walikwisha kukamatwa. Smalls alipeleka habari ile mu bunge la Washington. Aliomba waaskari wa serikali wasiondolewe mu South Carolina.

Mu uchaguzi wa ule mwaka alishinda kidogo mbele ya George Tillman wa chama cha Democrat. Lakini guverneri mupya alikuwa wa mashati mekundu, na mu Aprili 1877 Prezida alirudisha waaskari mu kambi. Njia ilibakia wazi.

Mwaka ule ule walimukamata Smalls. Walisema kama, wakati alikuwa senateri wa jimbo na mukubwa wa komite ya kazi za kuchapa, alipokea dola 5000 za rushwa. Shahidi mukubwa alikuwa mukubwa wa ile imprimeri, mwenye mwenyewe alikuwa na kesi na alitafuta kuachiliwa. Walimukatia miaka mitatu ya kazi ngumu. Alilala siku tatu mu buloko, kisha akatoka kungojea rufani.

Hatutaki kuficha ile habari. Rushwa ilikuwa nyingi mu bunge la ile miaka, kwa weusi na kwa weupe, na wenye kuandika historia wangali wanabishana kama Smalls alikula ao hapana. Kitu cha hakika ni mwisho wake: mwaka 1879 guverneri alimusamehe, na upande wa pili serikali ya Washington iliacha kesi za wazungu wenye kushitakiwa juu ya kuharibu uchaguzi. Walifanya mubadilishano. Wale wenye waliiba kura walitoka huru kwa mulango ule ule wenye Smalls alitokea.

Mwaka 1878, kesi ikingali shingoni, alisimama tena. Ku Gillisonville mashati mekundu mamia walifika mbele yake ku mukutano. Yeye na watu wake wachache waliingia mu duka moja, wakajifungia, risasi zikipiga mbao. Habari ilikimbia mu mashamba. Wanaume na wanamuke walikuja mbio na bunduki, mashoka, majembe, na wale wa farasi wakaondoka. Aliokoka, lakini uchaguzi alishindwa.

Masanduku manane

Mwaka 1880 Tillman alitangazwa mushindi tena. Smalls hakunyamaza. Alikusanya ushahidi wa masanduku yenye yalijazwa na watu wenye walifukuzwa, akapeleka malalamiko ku Washington. Ilichukua karibu miaka miwili. Tarehe 19 Julai 1882 bunge lilikata kama kiti ni chake. Kilibakia na miezi michache, lakini alikikalia.

Basi wenye jimbo walitafuta akili mupya, ile isiyotoa damu. Mwaka 1882 walifanya sheria ya masanduku manane. Kila kazi yenye kuchaguliwa ilikuwa na sanduku lake. Karatasi ikiingia mu sanduku lisilo lake, imekufwa. Majina yaliandikwa juu ya masanduku, na walinzi waliweza kuyageuza-geuza. Mwenye kujua kusoma alipata njia. Asiyejua aliuliza, na walinzi wakamusaidia kama anatoka upande wao. Hakuna mahali sheria ilitaja watu weusi. Haikuwa lazima, juu sheria ya 1834 ilikwisha kufanya nusu ya kazi.

Walikata pia mipaka ya sehemu za uchaguzi upya, watu weusi wengi wakafungiwa mu sehemu moja ndefu, wapate kiti kimoja paka. Chama cha Smalls kilimupa mwenzake Mackey kile kiti. Mackey akakufwa mu Januari 1884, na Smalls akachaguliwa pahali pake, akarudishwa tena mwisho wa ule mwaka. Mwaka 1886 alishindwa, kura nyingi zikitupwa. Alilalamika sawa mara ya kwanza. Mara hii bunge halikumusikiliza. Mu Machi 1887 alitoka ku Washington, na hakurudi tena kama depite.

Mara ya mwisho

Serikali ilimupa kazi ya mukubwa wa duane ku bandari ya Beaufort, akaishika karibu miaka 20. Hannah alikuwa amekufwa mwaka 1883. Angeweza kukaa mu nyumba yake, kusimulia Planter kwa wajukuu. Lakini mwaka 1895 jimbo liliita mukutano wa kuandika katiba ingine, ya kuvunja ile ya 1868. Mwenye kuusukuma alikuwa Benjamin Tillman, ndugu ya yule George. Wajumbe walikuwa karibu 160. Weusi walikuwa sita paka, na watano kati yao walitoka Beaufort. Smalls alikuwa mumoja wao.

Hebu tuone mwendo wa miaka 27: kutoka zaidi ya nusu mupaka watu sita. Aliketi mu ule mukutano akijua kama kura zimekwisha kuhesabiwa mbele ya kusema. Hata vile alisema. Wajumbe walitaka kukataza ndoa ya mweusi na mweupe. Yeye akatoa shauri hili: muzungu mwenye kuishi na mwanamuke mweusi pashipo ndoa akatazwe kazi ya serikali, na watoto wake warizi mali yake. Wote walifahamu kama anasema juu ya nani, na magazeti ya mbali yalicheka. Shauri halikupita.

Katiba mupya ilisema mwenye kura asome na kuandika sehemu ya katiba mbele ya walinzi, ao awe na mali ya dola 300, na alipe kodi ya kichwa. Walinzi njo walikata nani amesoma vizuri. Wakati wa kutia sahihi, Smalls alikataa. Inasimuliwa kama walimuonya atapoteza franga za safari, naye akajibu kama ni hivyo atarudi Beaufort kwa miguu. Jina lake haliko chini ya ile katiba.

Ilishika miaka mingi, na watu weusi wa South Carolina walianza kurudia ku kura kwa wingi paka nyuma ya sheria ya Marekani ya mwaka 1965.

Robert Smalls alikufwa tarehe 23 Februari 1915 mu nyumba ya Prince Street, hatua chache na mahali kibanda cha mama yake kilisimama. Alizikwa ku kanisa la Tabernacle, katikati ya muji. Mwaka 2023 manowari moja kubwa ya Marekani, yenye kubeba mbele jina la ushindi wa jeshi la kusini lenye kushika utumwa, ilipewa jina lake.

Wasomaji wapenzi, kila mumoja atachukua lake. Sisi tunabakia na hili. Ile meli Smalls aliipata usiku mumoja, na hakuna mutu alimunyanganya tena. Kura aliipata mu mwaka 1867, na walihitaji miaka 28 kuimunyanganya: kwanza kwa bunduki, kisha kwa masanduku manane, mwisho kwa kitabu cha kusoma. Yeye alikuwa pale kila mara, anahesabu, anaandika malalamiko, anasimama tena. Na kitu chenye alidai mbele ya vyote, mu siku yake ya kwanza ya ujumbe, ni masomo ya watoto wa wafanya kazi. Alijua mbele ya wengine sanduku la kura linafunguliwa na ufunguo gani.